Besi Isiyomeza Maneno

Mtunzi wa mashairi hana mali ila maneno. Ukimnyang'anya maneno yake mbele ya hadhara, hata kwa saa moja, umemvua kanzu. Hayo ndiyo yaliyonifika mimi mjini Nakuru, katika arusi ya jamaa yetu, na aliyenivua kanzu si adui. Ni mpwa wangu mwenyewe, mtoto wa dada yangu, kwa gitaa lake la besi.

Nilikuwa nimemtungia bibi arusi beti kumi na mbili. Nilizipima mizani nane kwa nane, vina vikakaa mahali pake, na katika ubeti wa tano nikaficha fumbo ambalo nilitaraji wazee walifumbue baada ya biriani. Kikundi cha mpwa wangu, vijana wa mtaa wa Bondeni, kikazitia mahadhi ya taarab. Muimbaji akasimama, kinanda kikalia, ngoma zikaingia, kisha besi ikaanza. Lo! Ilivuma kama lori lililokwama matopeni. Ilikuwa sauti moja tu, vuum, vuum, na kila neno lililotoka kinywani mwa muimbaji lilizama humo. Kina mama walipiga vigelegele, lakini nilijua wanashangilia nguo ya muimbaji wala si fumbo langu.

Tulipofika ubeti wa saba kikasikika kishindo, kisha mkwaruzo kama wa karatasi inayochanwa, na besi ikanyamaza. Sasa maneno yakasikika wazi. Lakini, msomaji mpenzi, wimbo ulikuwa umekufa. Ngoma zilikuwa zikigonga peke yake, na muimbaji akawa kama mtu anayesema bila ya kifua. Besi ikizidi ni balaa, na ikikosekana ni msiba.

Usiku ule mpwa wangu alinijia uso umemsawijika. Spika ile aliinunua kwa fedha za pikipiki aliyoiuza. Ilikuwa ya inchi 15, ina sumaku kubwa kama sinia, na kibandiko kimeandikwa wati 1000. Wiki mbili mbele wana arusi nyingine Naivasha, na malipo ya awali wamekwisha kuyala. "Mjomba," akasema, "nikopeshe ninunue nyingine kama ile." Nikamwambia sitoi hata senti mpaka nijue ni nini kilichoichana ya kwanza.

Asubuhi tukaenda kwa fundi mmoja aliye nyuma ya maduka, mzee wa Kikikuyu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kibanda chake kimejaa maboksi ya spika mpaka darini, na harufu ya gundi inakukaribisha kabla hujabisha hodi. Mpwa wangu akamwonyesha spika iliyochanika. Fundi hakuitazama. Aliuliza, "Inapiga nini?" Akaambiwa besi. "Boksi liko wapi?" Tukalileta.

Akatueleza hivi. Gitaa la besi la kawaida lina nyuzi nne. Uzi mnene kabisa, ukiupiga bila kuubana, hutetemeka mara 41 kwa sekunde. Unaofuata ni 55, kisha 73, na mwembamba ni 98. Spika inayotaka kuitwa spika ya besi yapasa iistahimili ile 41, ipende isipende. Akaunganisha simu yake na amplifaya ili itoe mlio mmoja mnyoofu, akatia spika yake nzima ndani ya boksi lile lile la mpwa wangu, akaanza kuushusha mlio kutoka mitetemo 100. Ulipofika 65 boksi zima lililia na misumari ikacheza kwenye makopo, lakini koni, yaani lile bakuli la karatasi, ilikuwa karibu imetulia. "Hapa tundu ndilo linaimba, mzee, si spika," akaniambia. Akaushusha hadi 41. Sauti ikapotea, na koni ikaanza kwenda mbele na nyuma kama ulimi wa mbwa mwenye kiu. Akaizima upesi.

Hapo siri ikafichuka. Boksi lenye tundu ni kama chupa unayoipuliza mdomoni: lina mlio wake. Hewa ya ndani ni kamani, na hewa iliyo katika paipu ya tundu ni uzito unaochezeshwa na kamani hiyo. Penye mlio wa boksi, hewa hiyo huisaidia spika kazi na kuishika isiruke. Chini ya mlio huo, hewa huingia na kutoka tundu bila ya kizuizi, na koni haina cha kuegemea. Boksi la mpwa wangu lilitengenezwa kwa muziki wa disko, paipu yake fupi, mlio wake 65. Kila alipokaribia sauti hiyo lilivuma na kumeza maneno yangu. Kila aliposhuka kwenye uzi mnene koni ilijirusha mpaka ikachanika. Ya pili kama ile ingechanika vile vile.

Sisi tuliosoma chuoni, tukachapwa bakora kwa kuitamka qaf mahali pa kaf, twajua kila herufi ina makhraji yake. Nikamwambia mpwa wangu: spika ni pumzi tu, boksi ndilo koo.

Elimu hii si ya kubahatisha. Mwaka 1961 Mwaustralia Neville Thiele aliandika makala iliyoonyesha hesabu ya kuoanisha spika na boksi lenye tundu, na katika miaka ya 1970 Richard Small akaiendeleza. Ndiyo maana spika ya kiwanda cha kuaminika huja na karatasi ya namba zake: mlio wake wa asili ikiwa wazi, jinsi inavyojizuia baada ya kusukumwa, ulaini wake ukilinganishwa na lita za hewa, na umbali ambao koni yaweza kwenda bila ya kuumia. Kwa namba hizo fundi hujua kabla ya kukata ubao kama spika itaka boksi la lita 60 au 120, lenye tundu au lililofungwa. Spika isiyo na karatasi hiyo ni sawa na mchumba asiyejulikana kwao.

Nikauliza: na zile wati 1000? Fundi akacheka. Wati za kibandiko mara nyingi ni za kilele, za kufumba na kufumbua. Za kutazamwa ni zile za kuendelea. Tena wati hazisemi spika ina sauti kubwa kiasi gani. Zasema yaweza kustahimili moto kiasi gani. Ukubwa wa sauti wausoma kwenye desibeli inazotoa kwa wati moja, umbali wa mita moja. Spika ya desibeli 97 ukiipa wati 100 italingana na ya desibeli 91 iliyopewa wati 400. Kijana anayenunua wati bila ya kutazama desibeli hununua jiko kubwa asiulize kama lapika.

Mpwa wangu akataja spika za magari, zile zinazotikisa matatu. Fundi akatikisa kichwa. Koni zake ni nzito, zinashuka chini sana lakini kwa kula umeme mwingi, na juu hazifiki. Besi ya gitaa si mngurumo peke yake. Mguso wa kidole juu ya uzi huishi kwenye mamia ya mitetemo mpaka elfu kadhaa, na huo ndio unaomwambia msikilizaji ni sauti gani iliyopigwa. Ukiuondoa, wabaki na lori lako matopeni.

Ajabu ni kwamba si lazima 41 yenyewe itoke yote. Uzi ukitetemeka 41 hutoa pia 82 na 123 na kuendelea, na sikio likizipata hizo hulijaza pengo lenyewe. Kampuni ya Ampeg ya Marekani ilitoa mwaka 1969 amplifaya yake ya SVT na boksi lake la spika nane za inchi 10, lililofungwa bila ya tundu. Kwa boksi la namna hiyo wanalouza siku hizi, wao wenyewe huandika kwamba sauti huanza kupungua chini ya 58, na bado wapiga besi wa dunia nzima huliheshimu. Ila uzito wake wapita kilo 60, na vijana wa Bondeni husafiri kwa matatu.

Hapo kuna sheria isiyovunjika, iliyosemwa na Josef Anton Hofmann, mwana wa mpiga piano maarufu na mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya KLH mwaka 1957. Wataka boksi dogo, wataka lishuke chini, wataka sauti kubwa kwa umeme mdogo: chagua mawili, la tatu lisamehe.

Tukachagua. Spika mbili za inchi 12, za omu 8 kila moja, zilizotengenezwa kwa ajili ya besi na zenye karatasi zake. Zikiunganishwa sambamba zafanya omu 4, ambazo amplifaya ya kikundi yazikubali. Zingekuwa nne sambamba zingefika omu 2 na kuiunguza. Boksi likapimwa kwa ndani urefu sentimita 80, upana 40, kina 38, yaani karibu lita 120. Paipu mbili za inchi 4, kila moja sentimita 12, zikauteremsha mlio wa boksi hadi kama 45. Plaiwudi ya milimita 18, gundi kila kiungo, na ubao wa kukaza katikati ili kuta zisilie zenyewe. Spika zikawekwa moja juu ya nyingine, maana zikilala ubavu kwa ubavu sauti za juu hazienei sawa kwa waliokaa pembeni. Mwisho chujio dogo kwenye amplifaya, la kupunguza kila kilicho chini ya 35, lisije likaichosha koni bure.

Kabla ya kufunga, fundi alichukua betri ndogo ya volti moja na nusu akaigusisha kwenye nyaya. Koni zote mbili zikatoka nje kwa pamoja. "Moja ikitoka na nyingine ikiingia," akasema, "zinauana. Besi inapotea, na wewe unalaumu gitaa." Nikaona hilo latufaa hata sisi wenye vyama vya kitamaduni.

Ikabaki kuipa sauti yake. Hapo fundi alinigeukia mimi: "Mzee, wewe ndiye mwenye maneno. Soma." Nikasimama uani na kipaza sauti, nikasoma beti zangu, huku mpwa wangu akipiga polepole. Fundi akazungusha vifundo. Akapunguza kati ya 200 na 300, penye ukungu unaoziba sauti ya mwanadamu, akaacha mwili wa 80 hadi 100, akaongeza kidogo karibu na 800 ili kidole kisikike. Kwa muziki wa benga, ambao watu wa huku wanaupenda, angeiacha besi isonge mbele, kwa kuwa katika benga gitaa la besi ni muimbaji mwenza. Kwa taarab, maneno ndiyo bwana, besi ni mkeka.

Nilikumbuka kuwa sisi wa pwani hatuna sababu ya kuidharau ala hii. Vikundi vya Unguja kama Culture Musical Club huweka besi kubwa ya kusimama nyuma ya fidla. Simba Wanyika, iliyoanza mwaka 1971, ilikuwa ya ndugu wa Kinyonga wa Tanga, na Les Wanyika, iliyochipuka kutoka kwao mwaka 1978, besi yake watu huiimba kwa mdomo hata leo.

Neno moja kwa wanaosafiri. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa ni kama nne kwa tano ya ule wa Mombasa. Hewa nyepesi hushikwa kidogo na koni, hivyo spika ile ile hupoteza huko kama desibeli moja na nusu. Kwetu ina nguvu zaidi, lakini chumvi hula vyuma na unyevu hulainisha karatasi. Likirudi Mombasa, boksi lifunikwe.

Na jirani je? Wimbi la mitetemo 41 lina urefu wa mita nane na zaidi, refu kuliko vyumba vyetu vingi. Lazunguka kona na kupenya ukuta, na mgonjwa mtaa wa pili hasikii shairi lako, asikia vuum tu. Boksi lenye sauti safi halihitaji kufunguliwa mpaka mwisho, na kulisukuma hatua moja kutoka pembe ya ukuta hupunguza mvumo bure, bila ya senti. Siku ile ya kujaribu, mzee wa nyumba ya pili alichungulia. Tulidhani amekuja kugomba. Akauliza kama ubeti wa tatu waweza kurudiwa.

Fedha nilitoa, na mpwa wangu angali anazilipa kidogo kidogo. Naivasha walikwenda, na walinipa heshima ya kuimba zile beti zangu zilizozama. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na masufuria. Walipomaliza, bibi mmoja mtu mzima aliyekuwa akipanga sahani aliniuliza kama namjua aliyetunga maneno yale, kwani ubeti wa tano umemkera, ameujua wote ila fumbo lake hajalipata.

Sikumwambia mtunzi ni nani. Nilimwambia afikiri tena.