Kinachozuia kombora la sumaku-umeme hakionekani mdomoni mwa mtambo

Mtambo wa reli wa kurusha makombora kwa sumaku-umeme una reli mbili sambamba. Mkondo mkubwa wa umeme hupita reli moja, huvuka nyuma ya kombora, kisha hurudi kwa reli ya pili, na nguvu ya sumaku inayozaliwa hulisukuma kombora mbele. Kivuko hicho huweza kuwa metali au plazma, yaani gesi yenye joto kali ambayo atomi zake zimepoteza elektroni, hivyo inapitisha umeme. Katika miaka ya 1970, huko Canberra, Australia, Richard Marshall na wenzake walitumia plazma kurusha kombora la gramu 3 kwa kasi ya takriban kilometa 5.9 kwa sekunde. Maabara zilizofuata ziliongeza umeme, lakini nyingi ziligota karibu na kasi hiyohiyo. Kupima mwendo wa kombora likishatoka kulionyesha kwamba kuna kikwazo, bila kueleza ni kipi. Jibu lilikuwa ndani, katika tukio linalokwisha kwa milisekunde chache.

Ndiyo maana watafiti walipanga koili ndogo kando ya reli. Usumaku unapobadilika, koili hutoa volti, na mfuatano wa ishara hizo huonyesha mkondo umefika wapi. Ishara ya pili ikizuka nyuma ya ile ya kwanza, ni dalili kwamba umeme umepata njia nyingine. Joto la plazma hula kuta za mtambo, mvuke wake hubaki nyuma, na mvuke huo ukishika umeme, sehemu ya mkondo huacha kulisukuma kombora.

Mtu anaweza kusema koili zinatosha. Hazitoshi, kwa sababu zinaona mkondo tu, wala hazielezi gesi ina joto gani au imetokana na nini. Ndipo mwanga unaposaidia: nyuzi za kioo huupeleka kwenye kipimaspektra, chombo kinachoutenganisha katika rangi zake, ambako upana wa mistari ya rangi inayotolewa na haidrojeni hutumika kukadiria msongamano wa elektroni. Mwanga nao una mipaka: plazma nzito huficha kiini chake, na gesi inaweza kung'aa bila kubeba mkondo wowote. Kila kipimo kinahitaji kusahihishwa na kingine. Hata mahesabu ya kompyuta hayaondoi haja hiyo, kwani yanategemea makadirio ya ulaji wa kuta ambayo lazima yathibitishwe kwa majaribio.

Wengine watauliza faida iko wapi, ilhali Jeshi la Majini la Marekani, lililorusha kombora kwa nishati ya megajuli 33 huko Dahlgren mwaka 2010, lilisitisha mradi wake mwaka 2021. Mtambo huo ulitumia kivuko cha metali, lakini metali nayo huyeyuka inapogusana na reli, na mguso ukikatika plazma huzuka na kuunguza reli. Kwa hiyo kubadili kivuko hakukuondoa swali la plazma. Anayetaka mtambo wenye kasi zaidi au reli za kudumu aanze kwa kupima ndani, kwa koili na mwanga pamoja, kabla ya kuongeza umeme.