Telefone ya kuulizia watu: nani anashika ufunguo wa mipangilio yake?

Kama unaishi Bukavu ao ku vijiji vya Kabare, Walungu, Kalehe ao Idjwi, bila shaka umekwisha kumuona: kijana mwenye telefone mkononi, anakuuliza jina, hesabu ya watoto, maji mnachota wapi, kisha anapiga picha ya nyumba. Zamani alikuja na karatasi. Leo majibu yako yanaingia ndani ya programu.

Wengi wanafikiri kazi yote iko ku maswali. Lakini nyuma ya maswali kuna mipangilio, ile telefone zetu za Kifaransa zinaitaga parametre. Ni yenyewe inayoamua jibu lako litaenda wapi, saa gani, na kwa gharama ya nani.

Mimi mwenyewe nilifanya kazi hiyo kabla ya kuingia redio. Siku ya pili tu mega zangu zilikwisha, kwani kila nikimaliza nyumba moja programu ilituma picha nzito palepale. Mwenzangu alipata shida ya kinyume: telefone yake haikutuma kitu, na yeye alifikiri inajituma yenyewe. Tuliporudi mjini ikafutwa ili ipewe timu ingine. Nyumba zote alizopita zikakosa ku orodha. Programu ilikuwa moja na maswali yaleyale. Tofauti ilikuwa ku mpangilio mmoja tu.

Na huku kwetu orodha si mchezo. Baada ya mafuriko ya Mei 2023 huko Bushushu na Nyamukubi, wilayani Kalehe, yaliyoua zaidi ya watu 400, kila mtu alielewa maana ya familia kuandikwa ao kusahauliwa.

Mashini moja, vichungio vingi

Fikiria mashini ya kusaga unga. Ukileta mahindi, fundi anaweka kichungio fulani; ukileta mihogo, anaweka kingine. Mota haibadiliki. Programu nzuri inatengenezwa hivyo: mota ni moja, na vipande vinavyowekwa na kutolewa vinaitwa plagini. Mipangilio ndiyo inayosema kipande gani kifanye kazi, na namna gani.

Mfano unaojulikana ni ODK, iliyoanzishwa mwaka 2008 ku Chuo Kikuu cha Washington, kule Marekani. Ni ya bure, na kodi yake iko wazi kwa kila mtu. KoboCollect, ambayo mashirika mengi ya misaada yanatumia, ilijengwa juu yake. Hata jina Kobo lina asili karibu na sisi: limetoka ku lugha ya Kiacholi ya kaskazini mwa Uganda.

Ndani ya programu hizo unaweza kuchagua majibu yatumwe yenyewe ao kwa mkono, kwa waifai peke yake ao hata kwa mega. Unaweza kupunguza ukubwa wa picha. Unaweza kuamua kama jibu likishatumwa lifutwe ku telefone ao libaki. Hata swali moja linaweza kuita programu ingine iliyo ndani ya telefone, ifanye kazi yake kisha irudishe jibu. Hiyo ni plagini ya kweli. Lakini kama programu hiyo ya pili haiko ku telefone, haiwezi kurudisha jibu. Juu ya hiyo, jaribio linafanywa mjini, si siku umekwisha kuvuka ziwa.

Mraba mmoja unaobeba funguo

Kupanga telefone 40 moja kwa moja kwa vidole ni kutafuta makosa. Juu ya hiyo, kiongozi wa timu anapanga telefone moja, kisha programu inatoa kodi ya QR, ule mraba wa nukta nyeusi. Wengine wanauskani, na telefone zote zinakuwa sawa. Ndani ya mraba ule kuna maandishi tu: jina la mpangilio na thamani yake.

Ni hapo njo hatari inaingia. Mraba huo unaweza pia kubeba anwani ya seva na neno la siri. Ukiutupa ku grupu ya WhatsApp, umegawa ufunguo wa nyumba, na ndani ya nyumba hiyo kuna majina ya watu na mahali wanalala. Katika eneo lenye vita kama letu, hiyo si jambo dogo. ODK inaruhusu kutoa neno la siri ndani ya mraba, na kufunga mipangilio kwa neno la siri lingine, ili muulizaji asibadilishe kitu bila kujua. Tumieni nafasi hiyo.

Kwa vijana wanaotengeneza programu

Bukavu tuko na vijana wengi wanaojifunza kazi hii. Mambo manne yanaweza kuwasaidia.

Kwanza, mipangilio ikae pembeni ya kodi. Kama shirika linataka kubadili seva, usilazimike kutengeneza programu upya.

Pili, kama mtu hajachagua kitu, programu ichague kisichomuumiza. Kwetu mega ni pesa ya chakula. Basi kutuma kwa mega kusiwe chaguo la kwanza.

Tatu, plagini mpya iweze kusoma mipangilio ya zamani. Telefone zetu hazipati toleo jipya siku moja: ya Nyawera inapata leo, ya Shabunda labda kisha mwezi.

Ine, programu ikiona thamani isiyoieleweka iseme wazi, kwa lugha ambayo muulizaji anaelewa. Ikinyamaza, kosa litaonekana wakati timu imekwisha kurudi.

Na wewe unayeulizwa?

Uko na haki ya kuuliza pia. Majibu yangu yanaenda wapi? Picha hii itabaki ku telefone yako? Nani mwingine anaweza kuifungua? Anayejua kazi yake atakujibu bila kukasirika.

Na wewe unayeuliza, mbele ya kupanda gari ao mtumbwi, jaza fomu moja ya uongo, itume, kisha omba kiongozi aangalie kama imefika ku seva. Ni dakika tano. Mwenzangu angezichukua dakika hizo, zile familia zingekuwa ku orodha.