Ufunguo wa Mashini Hauazimwi

Vijana wengi kutoka mashamba yetu huenda kutafuta kazi katika viwanda vya Kitengela na Athi River, na wengine hufika Magadi, Kajiado, ambako kampuni ya magadi ilianzishwa mwaka 1911. Mzazi, yafaa ujue jambo moja ambalo mwanao anaweza kulikuta huko, maana latufaa hata sisi wakulima.

Katika viwanda vingine mashini haiwaki mpaka mfanyakazi asogeze ufunguo wake wa elektroniki. Ufunguo huu hauna meno. Ni kadi au kipande kidogo cha plastiki chenye namba ndani yake. Mara nyingi hauna hata betri, bali hupata nguvu kutoka kwa chombo cha kuusoma kilichowekwa kwenye mashini. Chombo hicho huisoma namba na kuitafuta katika orodha ya watu waliofundishwa kazi ile. Ikiwamo, mashini hukubali kuwashwa. Isipokuwamo, hukataa. Tena jina na saa huandikwa. Ufunguo ukipotea, namba yake hufutwa, wala hapana haja ya kubadili kufuli.

Basi, ukimwazima mwenzako ufunguo wako, umeiambia mashini uongo. Itamdhania kuwa fundi, naye hajui mkono uwekwe wapi. Akikatwa vidole, jina litakaloonekana ni lako.

Lakini angalieni sana: ufunguo huu huchagua nani awashe tu. Haumlindi mtu aliyeingiza mkono ndani, kwa sababu mwenzake mwenye ufunguo halali aweza kuja na kuwasha asimwone. Kwa hiyo kabla ya kusafisha au kutengeneza mashini, fanyeni hivi:

1. Izimeni, kisha kateni umeme kwenye swichi kubwa.
2. Tieni kufuli kwenye swichi hiyo. Anayetengeneza akae na ufunguo mfukoni mwake mwenyewe.
3. Ngojeni magurudumu yasimame kabisa.
4. Jaribuni kuiwasha, mhakikishe kwamba haiwaki.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri azibe sehemu za hatari za mashini, na awafundishe wafanyakazi wake. Kijana asione haya kuuliza kabla ya kushika kazi.

Na nyumbani je? Mashini ya kukatia majani ya ng'ombe na kinu cha kusaga mahindi havijui mtoto wala mgeni. Huhitaji kununua kadi. Kufuli ya kawaida juu ya swichi, na ufunguo mmoja kwa mtu mmoja aliyefundishwa, hufanya kazi ile ile. Kama mashini yako ni ya injini ya dizeli, zima injini na utoe mkanda kabla ya kuingiza mkono.

Kufuli hununuliwa dukani. Mkono hauuzwi popote.