Fumbo la namba ambalo hata mwalimu hana jibu lake

ANAYESHUKA kwa miguu kutoka Chome au Mbaga kwenda tambarare za Same anajua kuwa njia ya mlimani haiteremki moja kwa moja. Hushuka hadi kijitoni, hupanda kilima kingine, kisha hushuka tena. Mwishowe mtu hufika chini.

Lipo fumbo la hesabu lenye mwendo huo huo, na mtoto wa darasa la nne analiweza.

Chagua namba nzima yoyote kuanzia 1. Ikiwa shufwa, igawe kwa 2. Ikiwa witiri, izidishe kwa 3 kisha ujumlishe 1. Jibu lifanyie vivyo hivyo. Ukianza na 6 unapata 3, 10, 5, 16, 8, 4, 2, 1. Hatua nane, umefika.

Je, kila namba hufika 1? Swali hili hupewa jina la Mjerumani Lothar Collatz, aliyelifikiria miaka ya 1930. Kompyuta zimekwisha kujaribu namba zote zenye tarakimu hadi 20, na zote zimefika. Lakini namba hazina mwisho, na hadi leo hakuna aliyethibitisha kwamba haipo hata moja inayokwama njiani.

Kijana anayejifunza kompyuta anaweza kuandika programu ya mistari michache: inauliza namba, inaonyesha safari yake na kuhesabu hatua. Mtoto akiandika 26, hatua ni 10. Akiandika 28, ni 18. Kabla hajaandika 27, mwambie akisie. Namba hiyo hupanda hadi 9,232, na kufika 1 huchukua hatua 111.

Hisabati huwaangusha wengi kidato cha nne, na woga huanza mapema. Wazazi wengi nao waliiogopa, hivyo mtoto akiuliza huambiwa, "Kamuulize mwalimu." Hapa mwalimu hajui, profesa pia hajui. Mzazi anaweza kusema "sijui, hebu tujaribu" bila aibu, na mtoto akaona kuwa hesabu si majibu ya nyuma ya kitabu tu.

Jioni, umeme uwepo usiwepo, kila mmoja nyumbani achague namba isiyozidi 30. Mwenye safari ndefu zaidi ndiye mshindi. Ila asiyesoma ukurasa huu asiambiwe habari za 27.