Uchoraji wa mandhari na kuanzishwa kwa hifadhi za taifa za Marekani

Uchoraji wa mandhari ni tawi la sanaa ambalo mada yake kuu ni nchi yenyewe: milima, misitu, mito, anga na mwanga. Nchini Marekani, katika karne ya 19, tawi hili lilichangia kuwashawishi wananchi na wabunge kwamba sehemu fulani za pori zisiuzwe wala kulimwa, ila zitunzwe kwa ajili ya umma. Mfano unaojulikana zaidi ni Yellowstone, iliyotengwa kwa sheria ya tarehe 1 Machi 1872 na ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa hifadhi ya taifa ya kwanza duniani. Mchoraji anayetajwa pamoja nayo ni Thomas Moran (1837–1926).

Makala hii inaeleza jinsi picha zilivyofanya kazi hiyo, na pia mambo ambayo picha hizo ziliyaacha nje ya fremu.

Pori kabla ya wachoraji

Walowezi wa kwanza kutoka Ulaya hawakulipenda pori. Kwao msitu ulikuwa kizuizi cha shamba, maficho ya maadui na wanyama wakali, mahali ambapo Mkristo angeweza kupotea mwili na roho. Mtu aliyekata miti mingi alihesabiwa kuwa mchapakazi. Mtazamo huo ulidumu kwa zaidi ya miaka 200, na haukuondoka kwa sababu ya hoja za wataalamu. Ulianza kulegea pale watu wa mijini, waliokuwa wameshiba na wako mbali na shoka, walipoanza kuliangalia pori kama kitu kizuri.

Thomas Cole (1801–1848) ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa kundi la wachoraji wa Mto Hudson. Alizaliwa Bolton, mji wa viwanda vya nguo huko Uingereza, akahamia Marekani akiwa kijana. Mwaka 1825 alisafiri kupanda Mto Hudson hadi Milima ya Catskill, na picha alizorudi nazo New York zilinunuliwa upesi. Picha yake maarufu ya mwaka 1836 inaonyesha mzingo wa Mto Connecticut uliopinda kama nira ya ng'ombe, nayo ni rahisi kuieleza darasani. Upande wa kushoto kuna msitu mzito, mti uliovunjwa na dhoruba na mawingu meusi. Upande wa kulia kuna mashamba yaliyopangwa vizuri chini ya jua. Mchoraji mwenyewe amejichora katikati, mdogo sana, akiwa na vifaa vyake. Mwaka huohuo aliandika insha kuhusu mandhari ya Marekani akisikitikia jinsi shoka lilivyokuwa likimaliza misitu.

Mwanafunzi wake, Frederic Edwin Church, alizifanya picha za mandhari kuwa tukio la mjini. Picha yake ya maporomoko ya Niagara (1857) na ile ya Milima ya Andes (1859) zilionyeshwa peke yake, kwa kiingilio. Watu walipanga foleni kwa Andes wakilipa senti 25, na wengine walibeba darubini ndogo za ukumbi wa michezo ili waone majani na ndege mmojammoja. Wakati huo hapakuwa na sinema wala televisheni, hivyo tusishangae.

Wazo la George Catlin

Kuna mchoraji mmoja anayesahauliwa katika habari hii, ingawa yeye ndiye aliyeandika wazo la hifadhi ya taifa mapema kuliko wote. George Catlin alisafiri mwaka 1832 kupanda Mto Missouri ili kuchora wenyeji asilia wa nyanda za kati, yaani Waindio. Aliona jinsi biashara ya ngozi ilivyokuwa ikiwamaliza baisani, na akatambua kwamba watu waliotegemea wanyama hao wangeangamia pamoja nao. Akapendekeza serikali itenge eneo kubwa liwe hifadhi ya taifa, ambamo binadamu na mnyama wote wangeendelea kuishi.

Tuzingatie maneno hayo, binadamu na mnyama. Catlin aliwataka wenyeji wabaki ndani. Pendekezo lake lilikuwa na kasoro zake, maana aliwaona watu hao karibu kama kitu cha kutazamwa na wageni. Hata hivyo, hifadhi zilizokuja baadaye zilichukua nusu ya wazo lake na kuitupa nusu ya pili.

Bonde la Yosemite

Bonde la Yosemite, California, liliingiliwa mwaka 1851 na kikosi cha wanamgambo kilichokuwa kikiwafukuza Waahwahneechee, wakazi wake. Miaka minne tu baadaye, mwaka 1855, mchapishaji James Hutchings alimpeleka huko mchoraji Thomas Ayres, na michoro yake ikaanza kusambazwa. Mwaka 1861 mpiga picha Carleton Watkins alibeba kamera kubwa mno hadi bondeni. Vioo vya picha zake vilikuwa na upana wa karibu nusu mita kila kimoja, na vyote vilibebwa kwa nyumbu. Picha hizo zilionyeshwa New York mwaka 1862.

Mwaka 1863 alifika Albert Bierstadt, mzaliwa wa Solingen, Ujerumani, ambaye tayari alikuwa amejipatia jina kwa picha za Milima ya Rocky. Moja ya picha zake za milima iliuzwa mwaka 1865 kwa dola 25,000, kiasi kikubwa sana kwa siku zile. Bierstadt alijaza mwanga wa dhahabu kila mahali, na milima yake mara nyingi ni mirefu na mikali kuliko ilivyo. Wakosoaji wa wakati wake walilalamika, lakini wanunuzi hawakujali.

Tarehe 30 Juni 1864, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria iliyolikabidhi bonde hilo kwa jimbo la California ili litunzwe kwa matumizi ya umma. Muswada uliletwa na Seneta John Conness. Mwaka uliofuata Frederick Law Olmsted, aliyesimamia eneo hilo, aliandika taarifa ambamo alitaja waziwazi picha za Watkins na Bierstadt kuwa ndizo zilizowapa watu wa pwani ya Atlantiki fununu ya uzuri wa Yosemite. Huu ni ushahidi mzuri, kwa sababu umetoka kwa mtu aliyekuwa karibu na tukio. Yosemite haikuwa bado hifadhi ya taifa. Eneo linaloizunguka lilipata hadhi hiyo mwaka 1890, na bonde lenyewe lilirudishwa kwa serikali kuu mwaka 1906.

Thomas Moran na Yellowstone

Habari za Yellowstone zilikuwa zimesimuliwa tangu mwanzo wa karne na wawindaji wa manyoya: maji yanayoruka angani yakichemka, matope yanayotokota, ardhi inayonuka kiberiti. Watu wa mijini walizichukua kama hadithi za kulewa. Mwaka 1870 msafara wa raia wa Montana ulikwenda kuthibitisha, na mmoja wao, Nathaniel Langford, aliandika makala kwa jarida la Scribner's Monthly. Jarida lilihitaji michoro. Kazi hiyo ilipewa Thomas Moran, ambaye alichora Yellowstone bila kuwahi kuiona, akifuata maelezo tu. Matokeo yalikuwa ya ajabu kidogo, na inaelekea mwenyewe alilijua hilo.

Moran naye alizaliwa Bolton, mji uleule wa Cole. Baba yake alikuwa mfumaji wa nguo, na familia ilihamia Marekani mwaka 1844. Mwaka 1871 serikali ilipotuma msafara wa kisayansi ukiongozwa na mwanajiolojia Ferdinand Hayden, Moran aliazimia kwenda. Alikopa dola 500 kutoka kwa jarida, na dola 500 nyingine zilitoka kwa Jay Cooke, mwenye benki aliyekuwa akigharimia reli ya Northern Pacific. Cooke hakuwa mpenzi wa sanaa tu. Reli yake ingepita kusini mwa Montana, na reli huhitaji abiria.

Moran alikuwa na umri wa miaka 34, mwembamba, na hakuwa amewahi kupanda farasi. Alipanda hivyohivyo, akiwa ameweka mto wa kulalia juu ya tandiko. Kwa wiki kadhaa alifanya kazi bega kwa bega na mpiga picha William Henry Jackson, wakichagua pamoja mahali pa kusimama. Jackson alipata umbo la kila kitu, lakini picha zake hazikuwa na rangi. Moran alichora kwa rangi za maji kwenye karatasi ndogo, akiandika pembeni majina ya rangi alizoziona kwenye miamba: njano, nyekundu, nyeupe, kahawia. Kwa eneo ambalo uajabu wake mkubwa ni rangi, tofauti hiyo ilikuwa na uzito.

Mwezi Oktoba 1871 wakala wa Jay Cooke alimwandikia Hayden akishauri kwamba Bunge liitenge sehemu ya chemchemi za maji moto kuwa bustani ya umma. Tarehe 18 Desemba muswada uliwasilishwa katika mabaraza yote mawili. Hayden aliwaonyesha wabunge sampuli za mawe, picha za Jackson na michoro ya Moran ya rangi za maji. Seneti ilipitisha mwezi Januari, Baraza la Wawakilishi mwezi Februari, na Rais Ulysses Grant alitia saini tarehe 1 Machi 1872. Eneo lililotengwa ni karibu kilomita za mraba 9,000, kubwa kuliko baadhi ya mikoa yetu.

Hapa mwanafunzi awe mwangalifu na tarehe. Picha kubwa ya Moran ya korongo la Yellowstone, yenye kimo cha zaidi ya mita 2 na upana wa karibu mita 3.6, mara nyingi husemwa kwamba ndiyo iliyowashawishi wabunge. Haiwezekani, kwa sababu ilikamilika baada ya sheria kupita. Iliyofika bungeni kwa wakati ni michoro midogo. Picha kubwa ilinunuliwa na Bunge mwezi Juni 1872 kwa dola 10,000 na kutundikwa katika jengo la Bunge, ambako iliendelea kuwakumbusha wabunge walichokuwa wamekitenga. Kiasi hasa cha nguvu ya michoro ile bado kinajadiliwa na wanahistoria. Wabunge walielezwa pia kwamba ardhi hiyo ilikuwa juu mno na baridi mno kwa kilimo, kwa hiyo taifa lisingepoteza chochote. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, hoja hiyo ya kilimo ndiyo iliyoondoa upinzani, nazo picha zikatoa sababu ya kupiga kura ya ndiyo.

Kile ambacho picha hazikuonyesha

Moran hakuficha kwamba alipanga upya miamba ili kupata picha aliyoitaka. Korongo lake limekusanya vitu ambavyo mtu hawezi kuviona akisimama mahali pamoja. Hilo ni jambo la kawaida katika sanaa. Tatizo liko katika kile ambacho mtazamaji alikielewa: kwamba hii ni nchi tupu, iliyosubiri tangu uumbaji ionwe kwa mara ya kwanza. Mbele ya picha ya mwaka 1872 kuna watu wadogo, na mmoja wao ni Mwindio, lakini yumo kama pambo la kuonyesha ukubwa wa korongo.

Kwa kweli Yellowstone ilikuwa na watu. Watukudika, tawi la Washoshone walioishi kwa kuwinda kondoo wa milimani, walikaa humo mwaka mzima, na Wacrow, Wabannock, Wablackfeet na wengine walipita na kuwinda kwa majira. Sheria ya 1872 ilimhesabu kila atakayefanya makazi ndani ya mpaka kuwa mvamizi. Mwaka 1877 Wanez Perce waliokuwa wakikimbia jeshi walikatiza hifadhini na kukutana na watalii. Baada ya hapo msimamizi Philetus Norris alihimiza Waindio waondolewe, na akaeneza dai kwamba waliogopa chemchemi za moto na hawakuwahi kukaa karibu nazo. Dai hilo si la kweli, lakini lilidumu katika vitabu vya watalii kwa muda mrefu. Watukudika walihamishiwa katika maeneo ya Wind River na Fort Hall.

Wala sheria haikuwalinda wanyama. Bunge lilitenga ardhi bila kutenga fedha, na Langford, msimamizi wa kwanza, hakulipwa mshahara. Majangili waliwinda watakavyo mpaka jeshi lilipoletwa mwaka 1886, na adhabu kali za ujangili zilikuja mwaka 1894. Mwanzoni mwa karne ya 20 baisani wa porini humo walikuwa wamebaki kama dazeni mbili tu.

Mfano wa hifadhi isiyo na wakazi ulisafiri hadi bara letu. Serengeti ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mwaka 1959 Wamasai walioishi humo walihamishiwa Ngorongoro. Mwaka huohuo ilitoka filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael kuhusu Serengeti, iliyoshinda tuzo ya Oscar mwaka 1960 na kulifanya jina la Serengeti lijulikane Ulaya nzima. Safari hii picha zilikuwa za kusogea.

Baada ya Yellowstone

Mwaka 1873 Moran alikwenda na John Wesley Powell kwenye korongo kuu la Mto Colorado, na picha aliyoichora ilinunuliwa pia na Bunge kwa dola 10,000. Ulinzi wa korongo hilo ulichelewa: Rais Theodore Roosevelt alilitangaza mnara wa taifa mwaka 1908, na likawa hifadhi ya taifa mwaka 1919. Katika miaka hiyo ya kati kampuni ya reli ya Santa Fe ilitumia picha za Moran kuvutia abiria. Idara ya kusimamia hifadhi zote iliundwa tarehe 25 Agosti 1916.

Picha zote mbili zilizonunuliwa na Bunge sasa ziko katika makumbusho ya sanaa ya Smithsonian, Washington. Moran mwenyewe alianza kutia saini kwa herufi TYM, ambapo Y ni Yellowstone. Hayden aliupa mlima mmoja wa Teton jina lake, Mount Moran, wenye kimo cha mita 3,842. Moran alikwenda kuichora milima ya Teton mwaka 1879, lakini aliiona kutoka upande wa magharibi, ng'ambo ya safu.