SAT: alama ipi upeleke, ipi uiache

Tangu msimu wa maombi ya vyuo vya Marekani uanze nimeulizwa swali moja mara tatu, mara mbili hapa Wasini na mara moja ng'ambo Shimoni. Kijana amefanya SAT, alama zake si mbaya wala si za kutisha. Azipeleke ama azinyamazie?

Kwa asiyeujua, mtihani huu una sehemu mbili, Kiingereza na hesabu, kila moja 200 hadi 800, jumla 1600. Wakati wa korona vyuo vingi viliacha kuulazimisha. Kisha vikubwa vikaanza kuurudisha: MIT mwaka 2022, halafu Dartmouth, Yale, Brown na Harvard mwaka 2024. Kwa hivyo soma sharti la chuo chenyewe kwanza, la mwaka huu. Chuo Kikuu cha California hakitazami SAT kabisa, hata ukipata zote 1600. Georgetown nao wanataka matokeo ya kila mara uliyokalia mtihani. Hapo hakuna kuchagua. Ukificha umesema uongo kwenye fomu uliyoitia sahihi, na sisi tunajua hukumu ya uongo.

Vyuo vingi huchukua sehemu bora ya kila mtihani. Tuseme binti alipata hesabu 640 na Kiingereza 560 mara ya kwanza, jumla 1200. Akarudia, akapata hesabu 600 na Kiingereza 620, jumla 1220. Chuo cha aina hii kitachukua 640 na 620, yaani 1260. Akituma mtihani wa pili peke yake kwa kudhani ndio bora, amejinyima alama 40.

Ugumu uko pale chuo kinaposema ni hiari. Ushauri uliozagaa ni huu: tazama alama za ile nusu ya katikati ya waliokubaliwa, na ukiwa chini yake usitume. Kwa mtoto wa shule ya kifahari kule Boston, sawa. Kwa mtoto wetu mimi naupinga. Dartmouth walichunguza maombi yao wenyewe wakaona wanafunzi wa familia za kipato cha chini walikuwa wakificha alama ambazo zingewasaidia, kwa sababu anayesoma fomu huzipima alama kwa kuangalia shule na mazingira ya mwombaji. Hiyo ndiyo sababu mojawapo ya wao kuurudisha mtihani.

Na kwetu kuna jambo la ziada. Maombi ya vyuo vingi hufungwa mwanzoni mwa Januari, na matokeo ya KCSE mara nyingi hutoka Januari hiyo hiyo. Anayeomba akiwa kidato cha nne anapeleka ripoti za shule na moko tu, na mtu wa ofisi kule Marekani hajui A- ya moko ya Kwale ina uzito gani. SAT anaijua. Ukiinyima ofisi hiyo kitu pekee inachokifahamu, umebakisha nini? Alama ikiwa chini ya ile nusu kwa 100 hivi, mimi ningetuma. Ikiwa chini kwa 400, iache, na labda tafuta chuo kingine.

Pesa nazo. Mtihani hapa Kenya unazidi dola 100, bado nauli ya boti, matatu na feri ya Likoni. Kutuma ripoti rasmi baadaye pia hulipiwa, lakini vyuo vingi hukubali ujaze alama mwenyewe kwenye fomu, ripoti rasmi wakaitaka ukishakubaliwa. Uliza kabla ya kulipa.

Anayetaka kurudia ajue mtihani sasa ni wa kompyuta, na simu haikubaliwi. Laptopu ya kuazima itafutwe mapema, programu ya mtihani iwekwe na ijaribiwe nyumbani, chaji ijae kabla ya kuvuka.