Afisa wa udahili na mlango asioufikia



Ndugu msomaji, waliotuletea maswali ya mirathi watuwie radhi. Majibu yao yatafuata wiki ijayo In-shaa-Allah. Leo tumetanguliza mazungumzo yaliyotokea barazani kwetu, kwani tumeona yana faida kwa kila mzazi mwenye mtoto anayekaribia kumaliza sekondari.

Kijana mmoja, mtoto wa jirani yetu wa zamani Tanga, ambaye tulimsomesha Juzuu Amma angali mdogo, alikuja likizo kutoka Marekani akapita kutuamkia. Tulijua kwamba ameajiriwa chuoni katika jimbo la Indiana, nasi tukidhani anasomesha. "La, ami," akatujibu, "mimi ni afisa wa udahili. Kazi yangu ni kupita shule kwa shule nikiwatafuta wanafunzi." Tulicheka, maana kwetu mwanafunzi ndiye anayekitafuta chuo, bahasha ya vyeti mkononi. Huko chuo nacho hufunga safari.

Msimu wa safari huanza mapema mwezi wa Septemba na kwisha katikati ya Novemba. Kila afisa hukabidhiwa eneo lake, na eneo la kijana wetu ni kaskazini ya Indiana, jiji la Chicago na vitongoji vyake, hadi Milwaukee katika jimbo la Wisconsin. Hupakia gari la kukodi maboksi ya vijitabu, kitambaa cha meza chenye nembo ya chuo na suti mbili, akashika barabara kuu namba 65 kuelekea Chicago, mwendo wa karibu kilomita 300 kutoka Indianapolis. Kwa siku moja huingia shule nne au tano. Hujiandikisha mapokezi, akabandikwa karatasi ya jina kifuani, akaketishwa katika chumba kidogo jirani na ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Pengine huja vijana kumi na wawili. Pengine huja mmoja aliyekimbia kipindi cha hesabu. Na zipo siku ambazo haji mtu, naye huzungumza na mshauri habari za mvua, kisha akaaga.

Jioni huwa na maonyesho ya vyuo katika ukumbi wa michezo wa shule au ukumbi wa mji, meza zimepangwa safu kwa safu, na wazazi wakipita na swali lile lile: ada ni kiasi gani? Usiku, katika chumba cha hoteli, hujibu barua za siku nzima. Chakula chake njiani ni samaki, mayai na mkate. Alituambia kwamba kinachomchosha kuliko kuendesha gari ni kutabasamu. Na lipo jambo lililompata mwaka wake wa kwanza: Chicago iko nyuma ya Indianapolis kwa saa moja, naye akasahau kurudisha saa yake, akafika shuleni mapema mno akakuta mlango umefungwa. Tangu hapo huvaa saa mbili.

Bila shaka tulimwuliza habari ya Sala, kwani ndiyo amana ya mwanzo. Akatueleza, nasi tukaridhika. Safari yake imepita kwa mbali marhala mbili, ambazo wanazuoni wa zama hizi huzikadiria kuwa kilomita themanini na ushei, hivyo ruhusa iliyotajwa katika Sura An-Nisaa, aya ya 101, inamhusu. Huifupisha Adhuhuri na Alasiri akazikusanya pamoja, pengine katika uwanja wa kituo cha mafuta, mkeka wake mdogo umetandikwa kando ya gari. Magharibi haifupishwi, lakini huikusanya na Isha. Tulimkumbusha kwamba katika madhehebu yetu ya Shafii, msafiri akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, huwa si msafiri tena. Na kwamba akisali nyuma ya imamu mkaazi humlazimu kutimiza. Ijumaa haimlazimu aliye safarini, lakini yeye hupanga ziara zake apite msikiti wa Bridgeview, kusini-magharibi ya Chicago. Akiwa nyumbani siku hiyo, hasafiri mpaka aisali Ijumaa huko Plainfield, karibu na Indianapolis. Kinachomtatiza ni Novemba, saa zinaporudishwa nyuma: jua la Chicago lililokuwa likizama saa moja na robo mwanzoni mwa Septemba, sasa huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, wakati yeye yuko mezani mbele ya wazazi.

Kisha tukamwuliza swali ambalo hatukujua lingetufikisha wapi. Nani huchagua shule unazozitembelea?

Alinyamaza kidogo. Orodha hutoka ofisini, akasema, na ofisi hutazama ni shule gani zilizoleta wanafunzi miaka iliyopita, na ni wazazi gani wenye uwezo wa kulipa. Chuo kisicho na mali nyingi huendeshwa kwa ada. Si maneno yake peke yake haya. Watafiti wawili wa Marekani, Ozan Jaquette na Karina Salazar, walifuatilia ziara walizofanya maafisa wa vyuo mwaka 2017, na mwaka 2018 wakaeleza katika gazeti la New York Times kwamba ziara hizo zilielemea shule za matajiri na za Wazungu. Hata vyuo vikuu vya umma vilionekana kuvuka mipaka ya majimbo yao kufuata watoto wa wenye nazo, kwa kuwa mwanafunzi wa nje ya jimbo hulipa ada kubwa zaidi.

Hapo ikatujia Sura Abasa, ambayo kijana huyu aliihifadhi mbele yetu. Kila mtoto wa madrasa anajua sababu ya kuteremka kwake: wakubwa wa Makureshi walikuwa wakizungumzishwa, akaja kipofu Abdullah bin Ummi Maktum, radhi za Allah ziwe juu yake, akitaka elimu. Hatukumsomea. Yeye mwenyewe aliinamisha kichwa akasema, "Najua ami unalolifikiria."

Akatusimulia kwamba msimu mmoja, baada ya ziara kufutwa dakika ya mwisho, aliingia bila miadi katika shule ya mtaa wa kimasikini ambayo haikuwa katika orodha. Mshauri wa pale alikuwa na wanafunzi wengi kupita kiasi na hakumbuki lini chuo cha namna ile kilipita kwake. Akamwita binti mmoja. Binti akaja na daftari yenye maswali kumi na saba ameyaandika, kwani alikuwa akingoja mtu wa kumwuliza tangu mwaka uliotangulia. Katika vyuo vingi afisa aliyetembelea eneo ndiye anayeyasoma kwanza maombi ya eneo hilo wakati wa baridi, naye alipoifikia insha ya binti yule aliitambua kabla ya kutazama jina. Alimtetea mbele ya kamati. Alikubaliwa, lakini msaada wa fedha haukutosha, akaenda chuo cha karibu na kwao.

Sasa wazazi wenzetu mtatuuliza, haya yanatuhusu nini sisi tulio Dar es Salaam na Mombasa? Yanatuhusu, kwa sababu wanaokuja hotelini kwetu na vijitabu si wote maafisa kama yeye. Wengi ni mawakala. Sheria ya Marekani tangu mwaka 1992 inavizuia vyuo vinavyopokea fedha za serikali ya shirikisho kumlipa mtu kamisheni kwa kila mwanafunzi anayemwandikisha, lakini imewatoa katika katazo hilo wanafunzi wa kigeni walioko ng'ambo. Kwa hiyo anayekusifia chuo huenda akalipwa kwa kichwa cha mwanao. Haikuwa haramu kumsikiliza. Mwulize waziwazi: nani anakulipa, na kwa hesabu gani? Mwulize pia kama chuo hutazama uwezo wa mzazi kabla ya kumkubali mgeni, kwani vingi hufanya hivyo. Barua ya kukubaliwa si viza, wala si fedha. Chuo hutoa fomu ya I-20 baada ya mzazi kuthibitisha kwamba ada na matumizi vipo, na viza huamuliwa ubalozini. Tumeona nyumba ikiuzwa kwa ajili ya barua.

Kijana wetu amekwisharudi kazini. Alitupigia simu juzi akituomba dua, orodha ya msimu ujao imetoka. Shule ya binti yule haimo. Ameiandika mwenyewe kwa kalamu chini ya orodha, siku ya Ijumaa, saa tatu asubuhi, kabla ya Bridgeview.